Waya wa Uzi Mweusi

Siku Rodrick alipomng'oa mke wake jino, mama yake Rodrick, mama Sabina, alikuwa jikoni anachambua maharage. Alisikia kofi, akasikia kitu kidogo kinadunda sakafuni kama kokoto, na mkono wake ukaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Nashipae, mkamwana wake, akapita mlangoni ameziba mdomo kwa kiganja, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mama Sabina akampa maji ya chumvi asukutue. Yeye mwenyewe alipigwa miaka ishirini na minane kule Kibosho, mpaka marehemu mume wake alipochoka mikono, na kijiji kizima kilimsifu kwa uvumilivu. Akadhani uvumilivu ni kitu cha kumrithisha mkamwana, kama unavyomrithisha kitenge.

Jino lile alilikuta jioni alipokuwa akifagia. Alilifunga kwenye karatasi, akalisukuma nyuma ya picha ya Bikira Maria chumbani kwake. Kwa nini hakulitupa, hata yeye hakujua.

Mara ya pili haikuwa kofi. Rodrick alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Arusha, na katika nyumba yake ya Moshono alikuwa ameanza kutandaza nyaya za mtandao kwa ajili ya kamera. Mabaki ya waya yalibaki sebuleni. Waya ule ni mwembamba, wa rangi ya bluu, ndani una nyuzi nane za shaba, na ukiukunja mara mbili unapasua ngozi kama wembe. Nashipae alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Alichapwa kuanzia chai ya saa nne mpaka adhana ya mchana, kwa sababu alicheka na mtu wa kuleta gesi. Jioni mimba ikatoka. Mama Sabina ndiye aliyefua mashuka.

Asubuhi yake geti lilipofunguliwa kuingiza lori la maji, Nashipae akatoka miguu mitupu, akaenda kwao, Oldonyosambu, upande wa pili wa Mlima Meru.

Rodrick alilia. Hilo nalo lisemwe, alilia kweli, kamasi zinashuka, amepiga magoti mbele ya mama yake kama mtoto wa komunio ya kwanza. "Mama, nimekosa. Nipelekee isale."

Isale ni jani tu, refu, la kijani, lile linalopandwa mipakani. Lakini kwa Wachaga mtu akikuletea isale kuomba radhi, huwezi kumfukuza. Hata kama amekuulia ndugu, utampa kigoda akae. Mama Sabina alilijua hilo, na alijua pia kwamba wakwe zake ni Waarusha na wangeweza kulitazama jani lile kama lishe ya mbuzi. Akalikata hivyo hivyo, na shina lake, akalishika mkono wa kulia, akaenda.

Baba yake Nashipae, mzee Koikai, alimpokea zizini akiwa ameegemea fimbo yake.

"Naona umekuja na jani, mama Rodrick."

"Nimekuja na jani, mzee."

"Sisi tukiomba amani tunashika nyasi. Nyinyi mnashika hilo. Yote yanaota ardhini, tutaelewana. Mbona mwenye kosa hakuja?"

"Anaona aibu."

"Aibu ina miguu. Ingepanda gari ikaja."

Kaka yake Nashipae, Yiamat, alikuwa amesimama mlangoni na rungu kwapani. Akatema mate pembeni. "Mimi jani silipokei."

"Wewe hujaulizwa," mzee akasema. Halafu akamgeukia mama Sabina, akaushika ule mkono wa kulia pamoja na jani lake, akaubana kidogo. "Nisikilize vizuri. Mkono wa kijana wako siujui. Hakuja nao hapa. Naujua huu. Mwanangu akiumizwa tena sitamtafuta Rodrick, nitakuja kuuliza huu mkono. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mchukue."

Nashipae alitoka ndani na mfuko wake wa nguo. Mgongo ulikuwa bado haujapona na shuka lilikuwa limegandia kwenye vidonda. Walipofika Moshono ndipo akauliza, kwa upole kabisa, "Yeyo, wewe unamwamini?" Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na ndivyo alivyomwita mama mkwe wake tangu siku ya harusi.

"Ametubu," mama Sabina akasema. Akalichomeka lile isale kando ya geti dogo, kwenye udongo wa maua. Isale halifi kirahisi. Wiki mbili tu likatoa kijani kipya.

*

Rodrick alitulia mwezi mmoja. Kisha akamwita fundi.

Fundi mwenyewe aliitwa Brayson, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye kibanda chake Ngarenaro, mcheshi, anayeongea na nyaya kama mtu anavyoongea na ng'ombe wakati wa kukamua. Alikuja na boksi zima la waya wa bluu. Msaidizi wake alikuwa anaumwa, kwa hiyo Brayson alipanda darini peke yake, akawa anateremsha ncha za waya kupitia tundu la stoo iliyo chini ya ngazi.

"Mama, shikamoo. Naomba univutie huo, usiuache urudi juu."

"Marahaba. Huu ni wa nini?"

"Huo wa king'ora."

Mama Sabina akaushika. Ukaja mwingine, naye akaushika. Ulipokuja wa tatu akaona hasara iliyo mbele. "Zote bluu hizi, utazijuaje?"

"Nitaandika namba, mama."

"Namba zako mimi sizioni, macho yameisha." Akaenda chumbani akaleta kikapu chake cha nyuzi za kufumia. Kuku wake kule Kibosho aliwafunga uzi mguuni, wa kwake mwekundu, wa jirani wa njano, na hakuwahi kugombana na mtu kuhusu kuku. Akafunga uzi mweupe kwenye waya wa king'ora. Waya wa mlango wa chumba cha Rodrick, mwekundu. Geti dogo la miguu, njano. Mlango wa banda la mbwa, mweusi.

Brayson aliposhuka alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, wewe ungekuwa fundi ungetunyima riziki." Hakuzifungua nyuzi.

Akamwonyesha kisanduku bapa cha chuma, chenye matundu kwa safu, na kila tundu lina kitaa cha kijani kinachopepesa. "Hii inaitwa swichi, lakini siyo ya taa. Kila kitu kinakuja kuongea hapa. Kamera, vitasa, king'ora. Bosi akibonyeza simu yake kule dukani, amri inafika hapa, hii inaipeleka tundu linalohusika."

"Na umeme wa kifaa?"

"Unapita humo humo. Waya mmoja unabeba amri na umeme. Sasa angalia maajabu, mama. Kamera ukiichomolea waya inakufa. Ila vitasa hivi ni vya sumaku. Vinashika mlango kwa sababu vina umeme. Ukichomoa, sumaku inachoka, inaachia. Mlango huo unafunguka wenyewe."

"Na tanesko wakikata?"

"Kuna betri pale chini, inakwenda siku nzima."

"Na king'ora?"

"Hicho mkaidi. Kina betri yake tumboni. Mwizi akikata waya wake ndipo kinapiga kelele. Mpaka uurudishe." Akafuta jasho. Akapunguza sauti. "Mama, nikuulize. Sumaku ya nje ya mlango wa chumba cha kulala, ya nini?"

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Amesema usalama."

Mama Sabina akaendelea kukunja uzi wake. Brayson akakusanya vyombo. Stoo ikafungwa kwa kufuli, ufunguo akawa nao Rodrick.

Tangu siku hiyo Nashipae alifungiwa chumbani kila Rodrick alipokwenda dukani. Alifunguliwa saa sita nusu saa, ale. Kisha simu ilibonyezwa mjini na sumaku ikashika, *tk*, sauti ndogo kama mtu anayefyonya. Kamera zilikuwa na spika. Mama Sabina akiwa anapika, dari ilimsemesha.

"Mama, chumvi nyingi hiyo."

Siku moja alichoka akaitundikia kamera ya jikoni kanga yake. Dakika haikupita.

"Mama, toa hiyo kanga."

"Inakauka."

"Ikakaukie nje. Mama, sitaki kurudia."

Akaitoa. Usiku alijiambia kwamba mtoto atapoa, kwamba isale lile la geti dogo limeota majani sita, kwamba kesho atazungumza naye. Kesho yake alimkuta Nashipae ana jicho limefunga kabisa, akasema tena kesho.

Mbwa walikuwa wawili, Komando na Sajenti, wakubwa kama ndama. Rodrick aliwafundisha mwenyewe uani. Alimlipa kibarua akajifunga magunia mkononi, ainue fimbo, na kila mkono uliponyanyuka na kitu, mbwa waliachiliwa waung'ate. Walipochelewa aliwachapa kwa waya ule ule wa bluu. Neno la kuwaachisha lilikuwa moja tu: acha. Wakisikia acha walikaa. Kuwafundisha kung'ata ilikuwa kazi ya Rodrick. Kuwalisha ugali na utumbo, jioni kwa jioni, ilikuwa ya mama Sabina.

*

Jumamosi moja saa nne asubuhi Yiamat alikuja na kibuyu cha maziwa. Mama Sabina alimkuta kwenye nondo za geti dogo.

"Shikamoo mama. Dada yuko wapi?"

Kamera ilikuwa juu ya kichwa chake. "Amelala."

"Saa nne?"

"Kachoka."

Yiamat akarudi hatua moja nyuma. Akainua uso kuelekea dirisha la juu, akaita kwa Kimaasai. Halafu sauti ya Nashipae ikajibu, nyembamba, maneno manne matano. Yiamat akasema jingine. Dada yake akacheka kidogo, mara ya kwanza mama Sabina kusikia kicheko kile tangu mvua za masika. Yiamat akaacha maziwa, akaenda zake.

Saa tano kasoro gari la Rodrick likaingia, geti kubwa likijifunga lenyewe nyuma yake. Alipita sebuleni bila salamu. Mlango wa chumba ukafunguka, *tk*, ukafunga, *tk*.

Mama Sabina alipanda ngazi taratibu, akasimama mbele ya mlango, akamsikia Rodrick ndani.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Habari za ng'ombe." Sauti ya Nashipae ilikuwa tulivu.

"Ng'ombe gani?"

"Nimemuuliza maziwa ni ya ng'ombe yupi. Akasema ya yule mwenye pembe iliyopinda."

Kitu kizito kikagonga ukuta. Mama Sabina alijua ni kichwa, kwa sababu chake kiliwahi kugonga ukuta namna hiyo.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Mnapanga nini? Sema Kiswahili."

"Ndiyo nasema Kiswahili."

Waya ukaanza. Unavuma kabla ya kufika, halafu unapasuka. Mama Sabina akahesabu mpaka kumi na moja. Akagonga mlango. "Rodi. Fungua."

"Mama, nenda jikoni."

"Rodi, mwanangu, nilikwenda na mkono wangu mpaka kwa wale watu. Fungua."

"Nimesema nenda jikoni. Leo huyu atasema, au atatoka hapa amebebwa."

Kisha ikaja sauti ambayo haikuwa ya waya, ya kitu kikavu kuvunjika, kama mtu anavunja muwa kwenye goti. Nashipae hakupiga kelele. Alitoa pumzi moja ndefu, ikakatika katikati.

Mama Sabina akaenda jikoni.

Akachukua shoka la kuni nyuma ya jiko. Alikuwa na miaka sabini na mbili na goti la kulia lilikuwa halikunjiki, lakini kuni alikuwa amepasua maisha yake yote na alijua pa kupiga. Pigo la kwanza liliikosa kufuli ya stoo likachana mbao. La pili likaipinda. La tatu kufuli ikaanguka. Kamera ya ukumbini ilimwona yote hayo, ila mwenye kuitazama alikuwa ana kazi nyingine.

Stoo ilikuwa na joto la mashine. Juu kulikuwa na kioo kidogo chenye picha nane, kila kamera na yake. Chini yake swichi, vitaa vyake vinapepesa bila wasiwasi wowote, na nyaya za bluu zimejaa kama matumbo ya mbuzi. Akapiga magoti. Nyuzi zake zilikuwepo. Vumbi limezishika lakini zilikuwepo.

Mweupe kwanza. Akabana kile kiulimi cha plastiki kama alivyomwona Brayson akifanya, akavuta. King'ora kikalia juu ya paa. Kililia mpaka meno yake yakatetemeka, mpaka hakusikia tena pumzi yake mwenyewe. Akavuta mwekundu.

Kwenye kioo aliuona mlango wa chumba ukiachia, ukasogea kwa uzito wake. Rodrick akatoka, shati jeupe limetapakaa. Aliangalia mlango, akaangalia simu yake, akaelewa. Akashuka ngazi anakimbia.

Mama Sabina alikuwa ameushika wa njano mwanaye alipoingia. Alimwona mdomo unafunguka na kufunga, king'ora kimemeza maneno yote. Kisha kiatu kikashuka. Kilimkuta mkono wa kulia juu ya ukingo wa chuma. Kikashuka tena. Akaviona vidole vyake vimeelekea upande ambao vidole havielekei, na maumivu yakachelewa kidogo, kama mgeni anayebisha hodi wakati ameshaingia. Rodrick alimvuta kwa kilemba akambwaga ukutani. Akauokota waya wa uzi mwekundu, akaurudisha tunduni. Mlango ukashika.

Alikuwa amechelewa. Kwenye kioo, picha ya uani, Nashipae alikuwa anatambaa kwenye zege kwa mkono mmoja, wa pili unaburuzika kama wa mwanasesere, ameacha mstari mwekundu nyuma yake kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa anaelekea geti dogo. Rodrick naye akaiona ile picha. Akautoa waya wake wa kuchapia shingoni, ule uliokunjwa, akatoka. Hakukimbia tena. Geti limefungwa, angekwenda wapi.

Mama Sabina akajiburuza mpaka kwenye swichi. Mkono wa kulia ulikuwa mzigo tu. Kwa wa kushoto akautafuta wa njano, akavuta. Kitaa kikazimika. Geti dogo lilikuwa limeachia, lakini Nashipae hakujua, na bado alikuwa na hatua kumi, na Rodrick ameshamfikia. Alimpiga teke la mbavu akapinduka chali. Akainua waya.

Uzi mweusi ulikuwa chini ya vidole vya mama Sabina.

Alimzaa Rodrick siku mbili na usiku mmoja, kwenye mvua, mkunga amelewa. Alimbeba mgongoni akilima kahawa ya watu. Alijua kovu la goti lake lilitoka wapi. Yote hayo yalimpitia, na hayakuchukua muda kama mtu anavyoweza kudhani. Nashipae alikuwa amelala, mikono yake yote chini. Mkono uliokuwa juu uani pale ulikuwa mmoja tu.

Akavuta.

Mlango wa banda ukacheza. Komando alitangulia kuusukuma kwa pua. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa kidogo kama kiganja na hakina sauti. Mbwa wawili wakavuka zege wakiwa chini chini, wakafanya walichofundishwa. Komando alishika mkono ulioinuka, juu ya kiwiko, akaning'inia nao. Sajenti alipokosa nafasi alishika paja. Rodrick akaanguka. Akanyanyua mkono wa pili kumpiga Komando, Sajenti akaacha paja akauchukua huo.

Mdomo wa Rodrick ulikuwa unafunguka. Mama yake hakuhitaji kusikia. Acha. Acha. Acha. Na mbwa hawakusikia, kwa sababu king'ora kilikuwa kinalia juu ya vichwa vyao, na kingelia mpaka waya wake urudishwe.

Waya wenyewe ulikuwa mapajani mwa mama Sabina, na uzi wake mweupe.

Aliuchukua. Tundu lake alilijua, la pili kutoka kushoto. Akaushika hapo hapo mbele ya tundu, akatazama kioo. Komando alikuwa anatikisa kichwa kama wanavyotikisa utumbo. Damu ilikuwa imefika kwenye mfereji wa maji ya mvua. Hakuangalia huko tena. Aliangalia picha ya pembeni, ya geti dogo, na Nashipae anayejivuta, kiganja, kiwiko, kiganja. Akafika kwenye isale. Akalishika shina ajiinulie, likapinda lakini likamshikilia. Mkono wake ukafika kwenye geti, na geti likasogea. Mara nondo zikajaa watu wa Moshono walioitwa na kelele, mwanamke mmoja akavua kanga, mikono mingi ikaingia ikamchukua Nashipae kwa makwapa ikamtoa nje.

Hapo ndipo mama Sabina alipousukuma waya tunduni. Mkono wa kushoto haukuzoea, aliukosa mara mbili. Mara ya tatu ukalia, *tk*, na king'ora kikanyamaza.

Kimya kilichokuja kilikuwa na mbwa ndani yake. Rodrick hakuwa tena na sauti ya kutosha kuamrisha mtu. Mama yake akatoka mpaka mlango wa jikoni, shoka akilifanya mkongojo.

"Komando. Sajenti. Acha."

Wakaachia. Wakakaa, midomo inadondosha, mikia inafagia zege, wanamtazama kama jioni wanapongoja sufuria.

*

Nashipae alivunjika mkono, mbavu tatu na kitu ndani ya sikio. Akiwa kitandani alitoa maelezo yake kwa askari mwanamke wa dawati la jinsia, yote, hata ya mimba. Mama Sabina naye alieleza. Alipomaliza akatoa karatasi kwenye sidiria, akaifungua mezani. "Na hili ni lake. Nimelitunza mwaka na nusu wakati ningelileta siku ile ile." Askari akaligeuza lile jino kwa ncha ya kalamu, akaandika.

Siku ya sita mzee Koikai akaja hospitali, fimbo mkononi. Hakwenda kwanza kwa binti yake. Alisimama mbele ya benchi alilokaa mama Sabina, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, ncha za vidole zimevimba kama ndizi mshare.

"Nilisema nitakuja kuuliza mkono."

"Ulisema, mzee."

"Ndio huu?"

"Ndio huu. Mkono ulichelewa sana. Lakini ndio huu."

Mzee akainama, akaugusa kwa ncha ya nyasi aliyokuja nayo. Akamwachia ile nyasi mapajani. "Nashipae anakuulizia," akasema. "Anasema yeyo yuko wapi."

Mama Sabina hakwenda moja kwa moja. Alipitia wodi ya wanaume, chupa ya uji kwapani. Polisi aliyekaa mlangoni akampisha. Rodrick alikuwa amefungwa bandeji mpaka mabegani, na madaktari walikuwa wameshaondoa vidole viwili vya mkono wa kulia. Uso wake haukuwa na jeraha hata moja. Alipomwona mama yake macho yakajaa machozi, machozi ya kweli kama yale ya kwanza.

"Mama. Nimekosa."

Mama Sabina akaiweka chupa mezani, akaifungua kwa meno kwa sababu hakuwa na namna nyingine, akammiminia uji.

"Kwa baba yake Nashipae wanakuheshimu wewe. Nikipona nitakwenda mahakamani nasimama peke yangu, lakini wakipokea jani, hakimu atasikia. Mama, nipelekee isale. Mara hii ya mwisho."

Alimnywesha kijiko kimoja, akampangusa kidevu. Kisha akauinua mkono wake wa plasta, taratibu kwa vile ulikuwa mzito, akauleta mbele ya macho ya mwanaye mpaka akaona mahali ambapo kidole cha shahada hakikunyooka.

"Isale linashikwa kwa mkono wa kulia, Rodi," akasema. "Wa kwangu ni huu."

Akaacha kijiko ndani ya uji, akaenda wodi ya wanawake.